Mfuko wa dharura wa baharini, lita 10: je, mtoto ataweza kuutumia bila mtu mzima?

Mifuko hii ya rangi ya machungwa isiyopitisha maji huuzwa ikiwa imeshapakiwa: filimbi, kioo, tochi, kisu, blanketi la karatasi ya fedha na vipakiti vya maji. Imepangwa kwa kumfikiria nahodha. Tumeikagua kwa ajili ya watoto wa Mkokotoni au Wete, Zanzibar, waliobaki juu ya fungu la mchanga baharini, ngalawa imechukuliwa na mkondo, na mkubwa wao ana miaka 12.

Tuanze na mdomo wa mfuko, kwa sababu hapo ndipo unapoharibikia. Lazima ukunjwe mara 3 au zaidi ndipo kifungo kibanwe. Mtoto mwenye hofu hukunja mara moja tu, na maji huingia. Kabla ya kununua, ujaze hewa, uukunje, kisha uukandamize ndani ya beseni la maji. Mapovu yakitoka kwenye mshono wa chini, uache. Mchanga ukiingia kwenye kifungo, vidole vidogo havikiwezi, kwa hiyo kisuuzwe kwa maji matamu kila safari.

Filimbi ni nzuri. Haina kipira ndani, hivyo hulia hata ikilowa. Lakini kuiweka ndani ya mfuko ni makosa: ifungwe kwenye jaketi la kuokolea la kila mtoto. Ishara ya kuomba msaada ni mipulizo 3, kimya, tena 3. Kioo nacho kinafaa, ila maelezo yake ni ya Kiingereza na maandishi madogo. Mfundisheni mtoto hivi: nyoosha mkono, tanua vidole viwili, iweke mashua katikati yake, kisha elekeza mng'ao wa jua kwenye vidole hivyo.

Maji ndiyo aibu ya mfuko huu. Vipakiti 4 vya mililita 125 ni nusu lita, na mtoto mmoja juani anahitaji kama lita 2 kwa siku. Ongezeni dumu la lita 10 lililofungwa kamba, lisijazwe hadi mdomoni ili lielee likianguka. Wekeni pia pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari kwa anayepungukiwa maji mwilini), kila moja kwa lita 1 ya maji ya kunywa, kamwe si ya bahari. Kisu kitoeni. Blanketi hupasuka kwa upepo wa kusi. Kanga mbili hutoa kivuli bora.

Kisichokuwemo kabisa ni utaratibu, na hili linatuuma zaidi. Mwaka 1965 wavulana 6 wa Tonga, nchi ya visiwa katika Pasifiki, walikwama kwenye kisiwa cha 'Ata, wakakaa zaidi ya mwaka hadi walipookolewa 1966. Walifanya kazi wawili wawili kwa zamu, moto haukuzimika, na waliogombana walitenganishwa mpaka hasira zipoe. Colombia, 2023, msichana wa miaka 13 aliwalinda wadogo zake 3 msituni siku 40 baada ya ndege kuanguka; mwanzoni walikula unga wa muhogo uliokuwa ndani ya ndege.

Kwa hiyo andikeni kadi kwa wino usiofutika, muipake plastiki. Mmoja anashika dumu na kupima kwa kifuniko, wadogo wakitangulia. Mwingine anaangalia bahari na kupuliza filimbi, kisha wanabadilishana. Kila mdogo ana mkubwa wake. Hakuna anayeogelea kuifuata ngalawa, hata ikionekana karibu. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, jaketi halivuliwi, maana mafungu ya mchanga kama lile la Nakupenda, Unguja, hufunikwa maji yakijaa. Na jaketi la mtoto liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu, la sivyo litampanda usoni.

Kwa bei ya mfuko kamili, nunueni mfuko mtupu na filimbi, vingine mvipakie wenyewe pamoja na watoto, wakifungua na kufunga kwa mikono yao.