Kilo za kahawa kwenye lugha ya C: `double` (namba za desimali) au gramu kamili?

Mzani wa kahawa Mbale, Uganda, unasoma kilo 2.675. Ihifadhi kwenye `double`, ichape kwa `%.2f` (tarakimu mbili baada ya nukta), na risiti itatoka 2.67, si 2.68. `printf`, amri ya kuchapa, haijakosea. Mfumo wa 0 na 1 wa kompyuta hauwezi kuandika 2.675 kikamilifu, ichape kwa `%.20f` utaona kilichomo: 2.67499999999999982236.

Mtego wa pili ni mwingine kabisa. 0.125 huhifadhiwa kamili, ila glibc (maktaba ya C ya Linux) huchapa 0.12, kwa sababu namba iliyo katikati hasa hupelekwa kwenye tarakimu shufwa. 0.375 hutoka 0.38. Maktaba za zamani za Windows zilipandisha zote mbili, basi msimbo uleule ukatoa risiti tofauti. Kujumlisha 0.005 kabla ya kuchapa si dawa: `%.2f` itakadiria tena juu ya hapo.

Kwenye `int64_t` (namba kamili ya biti 64), gramu 2675 ni 2675. Kukadiria ni kazi yako: `s = (g + 5) / 10` hutoa 268, kisha chapa `s / 100`, nukta, na `s % 100` yenye `%02` (sifuri mbele ikiwa tarakimu ni moja). Uangalifu unahitajika kwenye hasi tu: hapo toa 5 badala ya kujumlisha, na ishara ichape kando, maana `-5 / 100` ni 0 na alama ya hasi hupotea.

Kwa wastani wa unyevu, `double` yatosha. Kwa malipo, gramu. Bei ya shilingi haina senti, hivyo zidisha gramu kwa bei kwanza, gawa kwa 1000 mwishoni: kwa shilingi 14,000 kilo, mkulima anapata 37,450. Akipiga hesabu kwa 2.67 ya risiti ya `double`, ataona 37,380 na kuja kuuliza.