Tahadhari kwa wakusanyaji wa nakala za vifaa vya filamu Dodoma: cheti namba 212 kati ya 500

Ndugu zangu mnaokusanya nakala za vifaa vya filamu, hapa Dodoma na mikoa jirani, ninawatahadharisha kuhusu muuzaji mmoja anayetangaza bidhaa zake kwenye WhatsApp na Instagram, ambaye hudai kuwa na ghala mtaa wa Kisasa lakini kila mteja humkutanisha Nyerere Square. Jina lake silitaji kwa kuwa suala liko polisi. Namna anavyofanya kazi inatosha kumtambulisha kwa yeyote aliyewahi kuzungumza naye.

Mwezi Mei mwaka huu alinitumia picha za mpini wa upanga wa mwanga wa Star Wars, ile filamu ya kwanza ya 1977. Mimi ni mpiga picha wa studio tangu enzi za kusafishia picha gizani, na mpini huo una historia inayonigusa, kwa sababu haukuundwa na mhunzi wala mbunifu wa silaha. Mpambaji wa seti, Roger Christian, alikuta katika duka la kamera jijini London mishikio ya zamani ya flashi iliyotengenezwa na Graflex ya Rochester, New York, akaibandika vipande vyeusi vya kushikia, nayo ikawa silaha inayojulikana dunia nzima. Kwa mpiga picha, kuwa na kitu kama hicho ni sawa na kukuta jembe la babu yako limewekwa makumbusho. Muuzaji aliujua udhaifu wangu huo kabla sijamweleza, maana picha za kamera zangu za zamani ziko wazi kwenye ukurasa wangu.

Aliniambia mambo mawili. La kwanza, kwamba mpini ni flashi halisi ya Graflex ya miaka ya 1940 iliyogeuzwa upanga. La pili, kwamba ni toleo lenye leseni, yaani lililotengenezwa kwa ruhusa ya wenye filamu, la idadi maalumu, namba 212 kati ya 500, lenye cheti na stika ya hologramu. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, kwa kuwa mambo hayo mawili hayakai pamoja: nakala yenye leseni hutengenezwa upya kiwandani, zote zikafanana, ilhali flashi ya zamani iliyogeuzwa ni kazi ya mtu mmoja mmoja, na mwenye leseni hana sababu ya kuiandikia cheti. Nilishtuka baadaye, fedha zikiwa zimeshaondoka.

Katika mambo haya kuna ngazi, na bei hufuata ngazi. Juu kabisa kipo kifaa kilichoonekana kwenye filamu yenyewe, ambacho huthibitishwa kwa nyaraka za umiliki na kwa kulinganisha mikwaruzo yake na picha za filamu. Chini yake kipo kilichotengenezwa kwa ajili ya utayarishaji lakini hakikuonekana. Kisha huja nakala yenye leseni, halafu nakala ya shabiki mwenye ufundi, ambayo wakati mwingine huishinda yenye leseni kwa usahihi. Mwisho kabisa ni nakala iliyopigwa kalibu, yaani iliyomiminwa kwenye umbo lililochukuliwa kutoka kwenye nakala ya mtu mwingine bila ridhaa yake, na wakusanyaji makini hawaigusi hata kwa bei ya karanga.

Ujanja mkubwa wa muuzaji huyu ni kuazima bei ya ngazi ya juu ili auze kitu cha ngazi ya chini. Nilipolalamika kuwa Sh 1,850,000 ni nyingi, alinitumia habari ya viatu vyekundu vya filamu ya The Wizard of Oz ya 1939, vilivyouzwa na Heritage Auctions mwezi Desemba 2024 kwa dola milioni 32.5, ada za mnada zikiwemo. Habari hiyo ni ya kweli, na ndiyo maana inafaa sana kudanganyia. Asichokisema ni kwamba viatu hivyo vilivaliwa wakati filamu ikitengenezwa, vikaibwa mwaka 2005 katika jumba la makumbusho la Judy Garland huko Minnesota, vikapatikana mwaka 2018 kwa kazi ya FBI, na kila hatua ina kumbukumbu. Mnunuzi alilipia historia hiyo. Nakala haina historia ya kulipiwa, na hata ile yenye leseni inaweza kushuka bei mwenye leseni akiamua kutoa toleo jipya lililo bora zaidi. Kwa hiyo mtu akikwambia nakala ni akiba ya kusomeshea watoto, muulize kwa nini yeye hasomeshi wa kwake.

Nililipa Sh 1,000,000 za awali kwa simu. Jina lililojitokeza halikuwa lake, akasema ni la shemeji yake. Baada ya wiki mbili akasema mzigo umekwama forodhani Dar es Salaam na unahitaji Sh 340,000, nazo zikaenda kwa shemeji yuleyule. Kodi ya forodha hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wa TRA, haipelekwi kwenye simu ya mtu binafsi, na mwenye mzigo ana haki ya kuona nyaraka. Mimi ninalijua hilo, nimeshaingiza vifaa vya studio mara kadhaa, na bado nilituma. Tamaa ya kitu unachokipenda hukupumbaza kuliko tamaa ya fedha.

Siku ya makabidhiano, mwezi Juni, alitoa sumaku mfukoni, akaigusisha kwenye mpini, akasema, “Unaona, mzee wangu, haishiki, hii siyo bati, ni shaba yenyewe.” Nikaridhika, nikamlipa Sh 850,000 zilizobaki. Ni kweli kwamba sumaku haishiki shaba ya manjano wala aluminiamu. Haishiki rezini pia, ile plastiki ya kumimina ikagandishwa, wala mbao, wala sabuni. Jaribio lile lilithibitisha tu kwamba mpini haukuwa wa chuma, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelidai.

Ukweli ulianza kuonekana asubuhi moja ya Julai. Wenyeji mnaijua baridi ya Dodoma mwezi huo: kitu chochote cha madini kikilala dirishani hukuuma kiganja alfajiri. Mpini wangu ulikuwa vuguvugu kama kijiko cha mbao. Nikaenda dukani nikanunua betri moja kubwa ya tochi, kwa sababu bomba la flashi ile ya Graflex lilitengenezwa kubeba betri tatu za ukubwa huo. Betri haikuingia hata kidogo. Tundu lilikuwa kama la bomba la maji la nyumbani. Kisha nikaupima kwenye mzani wa kidijitali, ukaonyesha gramu 262. Nikauzamisha kwenye chombo kilichojaa maji hadi mdomoni, nikahakikisha tundu nalo limejaa, nikakusanya maji yaliyomwagika: mililita 226. Gawanya, unapata kama gramu 1.16 kwa kila mililita. Aluminiamu ni 2.7 na shaba ya manjano ni zaidi ya 8. Rezini ni moja na kitu kidogo. Jaribio hili halihitaji maabara, ndoo na mzani vinatosha, wala halikwaruzi kitu.

Chini ya mpini palikuwa na maandishi ya kampuni, lakini herufi zake zilikuwa na kingo laini, kama za kipande cha sabuni kilichokwisha kutumika. Hiyo ndiyo dalili ya kupigwa kalibu kutoka kwenye kitu kingine: kila kizazi cha kalibu hupoteza ukali wa mistari, na rezini ikikauka husinyaa kidogo, kwa hiyo nakala hutoka ndogo kuliko mama yake. Rangi ya fedha ilikuwa ya kupulizia, nayo ilianza kubanduka ukucha ulipopita.

Kuhusu cheti, nilikutana na mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) aliyenunua mpini kama wangu kwa mtu huyohuyo. Tuliweka vyeti vyetu mezani. Vyote viwili ni namba 212 kati ya 500, saini ile ile, hata doa la wino liko mahali pamoja.

Sasa ameanza kutangaza kofia nyeupe za askari wa Star Wars, akidai kuwa mahakama ya Uingereza imezithibitisha. Kesi ipo. Lucasfilm, kampuni iliyotengeneza Star Wars, ilimshtaki Andrew Ainsworth, aliyetengeneza kofia za filamu na baadaye akauza nakala, na mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba kofia hizo si sanamu za sanaa, hivyo hazilindwi na hakimiliki ya sanamu nchini humo. Uamuzi huo ulihusu hakimiliki. Haukusema neno juu ya uhalisi wa kofia ya mtu mwingine, seuze ya muuzaji huyu wa Kisasa. Mwanafunzi yule aliikagua moja kwa ndani na kuona mistari myembamba iliyopangana, ambayo ni alama ya printa ya 3D. Vijana wanaochapa kofia hizo na kuziuza kwa jina la kazi yao wenyewe sina ugomvi nao, na wengine wana mkono mzuri sana.

Nimefungua jalada polisi na kupewa RB (namba ya taarifa ya polisi), na namba ya simu iliyopokea fedha nimeiripoti TCRA kupitia 15040. Yeyote aliyenunua kwa mtu huyu asitupe boksi, asifute jumbe za miamala, na asikubali kurudishiwa nusu ya fedha kwa sharti la kukabidhi cheti, kwa kuwa mimi nimeshaombwa hivyo mara mbili. Mwenye cheti chenye namba 212 aniandikie ujumbe, na mwenye namba nyingine pia, ili mpelelezi apate vyeti vyote kwa pamoja.