Mipira ya gofu ya kununua ukiwa Mombasa, kuanzia ya kuchukua mpaka ya kukimbia

Jumamosi nimepoteza mipira minne kabla hata sijafika shimo la sita. Wa kwanza ulikata kulia ukapita juu ya ukuta, nkausikia kabisa ukigonga bati la mtu. Wa pili na wa tatu baharini, mmoja nyuma ya mwengine, palepale, maanake nshapandwa na hasira. Wa nne ulitua katikati ya fewei, ile njia ya nyasi fupi, mzuri wallahi, kunguru akashuka akaubeba akaenda nao zake juu ya mwembe. Kedi wangu, yule anayenibebea begi, akaniambia "huyo wa kunguru hana penalti mzee", na ni kweli, mkijua kwa hakika ni ndege ama mnyama aliyeuchukua unaweka mwengine palepale ulipokuwa, bure, lakini sheria hiyo hainirudishii pesa yangu.

Jioni nkakaa na kahawa nkapiga hesabu ya mipira niliyonunua tangu mwaka uanze, nkaikunja ile karatasi kabla mke wangu hajaiona. Watu wakianza gofu wanauliza dreva gani (fimbo ya pigo refu), pata gani (ya kusukumia shimoni), begi gani. Sasa dreva utanunua mara moja ukae nayo miaka, ila mpira unanunua kila mara kama unga, na hakuna anayekwambia ununue upi. Ndo maana naandika hii. Ni kwa wale wenzangu wa handikapu, yaani mapigo unayopunguziwa kwa kuwa hujui sana, ya 18 kwenda juu (mie niko 22, na kuna siku hiyo 22 yenyewe naiona ndoto). Wewe unayecheza handikapu ya 5 mpira wako unaujua, soma tu ucheke.

Kwanza upepo, maanake hapa kwetu huwezi kuzungumza mpira ukauacha upepo. Uwe pale kisiwani Mama Ngina kwenye mashimo 9 ya Mombasa Golf Club, klabu ya tangu 1911, uwe Nyali, uende Vipingo ama uvuke feri uende Diani, kama si kusi ni kaskazi. Mpira ukitoka kwenye dreva unajizungusha kwa nyuma, hiyo spini ndo inaubeba hewani. Upepo ukikujia usoni ile spini inaubeba zaidi, mpira unapanda kama kishada, unasimama, unaanguka mbele ya pua yako. Na sisi tukiona upepo tunafanyaje? Tunapiga kwa nguvu, na nguvu inaongeza spini, kwa hivo ni kama umemwaga petroli. Slaisi nayo, yaani mpira kukata kulia, ni spini hiyohiyo iliyolala upande. Kwa hivo mpira wenye spini nyingi, ambao mapro wanaulilia, kwako wewe unayekata kulia ni adui wa kulipia.

Namba 1: mpira mpya wa vipande viwili

Hii ndo ile ya bei ya chini dukani, Srixon Soft Feel, Callaway Supersoft, Titleist TruFeel, jamii hiyo. Ndani kiini kikubwa cha mpira, nje ganda moja gumu la plastiki, basi, hakuna mengine. Spini yake kwenye dreva ni ndogo kwa hivo slaisi yako haitapona lakini itapungua, ule uliokuwa unaenda kwa jirani unaweza kubakia kwenye rafu, zile nyasi ndefu za pembeni, na mie kwenye rafu nashukuru Mungu. Halafu ganda lile ni gumu hasa. Viwanja vyetu ukitoka nje ya nyasi kidogo unakutana na jiwe la matumbawe, na jiwe la matumbawe halina huruma, mpira wa ganda laini likiugonga mara moja tu linaunyoa kama karoti. Huu wa vipande viwili unaondoka na mkwaruzo tu unaendelea na kazi.

Ubaya wake ni kwenye grini, pale penye shimo, hausimami. Januari na Februari jua likishachoma sawasawa, ukiutua katikati ya grini usishangae kuukuta nyuma. Dawa yake si kununua mpira wa ghali, dawa ni kuacha kujifanya wale unaowaona kwenye TV, acha ile weji, fimbo ya kurusha juu, ukiwa pembeni ya grini chukua fimbo ya aini 8 ama 9 uuviringishe kama unapiga pata. Kedi yeyote mzee atakuonyesha hiyo kwa dakika kumi na utaokoa pigo tatu nne kwa raundi.

Ah na lile neno soft kwenye boksi lisikuchanganye, hilo ni la mkono wako unavyosikia ukipiga. Srixon na Callaway mie sioni tofauti ya kugombania, chukua iliyo na bei nzuri siku hiyo ila ukishachagua moja KAA NAYO.

Namba 2: mitumba

Nlitaka kuiweka namba 1, nikiwa mkweli. Hii ni mipira inayookotwa kwenye vichaka, madimbwi na nyuma ya ukuta, unauziwa na makedi ama na watoto wanaojua vichaka kuliko fundi wa uwanja. Bei ni mdomo wako. Nilishawahi kununua kwa kijana mmoja ukutani, akanitolea mfuko, "mjomba chagua", nkachagua sita, nafika nyumbani naiosha kwenye sinki naona mmoja una doti tatu za kijani. Alama yangu! Mpira wangu mwenyewe nimeununua mara ya pili, na nlikuwa nimemkazania kijana wa watu ampunguzie mjomba shilingi ishirini.

Kuchagua sasa, hapa ndo pesa inapookolewa ama kuliwa. Usichague kwa macho, chagua kwa kucha. Upitishe ukucha wa gumba pole pole kuzunguka mpira mzima, ukikwama mahali hapo pamekatwa, rudisha. Mkwaruzo ambao ukucha unaupita bila kukwama hauna neno. Kisha angalia rangi, mweupe uliogeuka kama chai ya rangi, ama wenye madoa ya kahawia yasiyotoka kwa kusugua, huo umekaa majini siku nyingi. Mpira wa maji huwezi kuujua vizuri kwa nje maanake maji yanaingia taratibu mpaka ndani na kinachokufa ni kiini, unaupiga vizuri kabisa halafu unafika yadi kadhaa nyuma ya pale ulipozoea unabaki kulaumu upepo. Kwa hivo mie nauliza tu, huu wa kichakani ama wa dimbwini? Ukimlipa vizuri na ukarudi kwake, kijana atakwambia ukweli.

Jambo jingine, usinunue mseto. Mfuko wa mipira kumi ya kampuni kumi ni mitihani kumi, kila mmoja unaruka vyake na kwenye pata kila mmoja unatoka vyake. Mwambie nataka Srixon tupu, akusanye, atakupigia simu. Wa kwangu ananiwekea kwenye kopo la rangi.

Na kama unafikiria ule ulioangukia baharini utaelea aje auokote, sahau. Mpira wa kawaida una gramu 45.93 kwa juu kabisa na upana wa milimita 42.67 kwa uchache, ukipiga hesabu ni mzito kuliko maji ya chumvi, chumvi yote hiyo ya Likoni haitoshi kuubeba. Unazama moja kwa moja.

Namba 3: vipande vitatu, ganda la yurethani, bei ya kati

Srixon Q-Star Tour na jamaa zake. Ganda la yurethani ni laini, linaishika weji, mpira unatua kwenye grini na kusimama. Ukishashuka chini ya handikapu 15 na unaweza kupiga weji ile ile mara tatu zikatua jirani jirani, anza kufikiria hii. Kabla ya hapo ni kulipia breki za gari ambalo hujajua kuliwasha. Kuna pia Kirkland, ya lile duka la Costco la Marekani, ambayo kila mtu mwenye shangazi huko anaagiziwa, ni yurethani na ni rahisi kweli, ila kwa kusi mie iliniaibisha, inapanda juu mno.

Namba 4: Pro V1 na wakubwa wenzake

Sina ugomvi na Pro V1, mpira wa Titleist wa bei ya juu. Tangu itoke mwaka 2000 imeshinda kila kitu cha kushinda, na TaylorMade TP5 nayo ni mpira wa maana. Ugomvi wangu ni na sisi. Dazeni moja huko huko Marekani inakaribia dola 55, sasa ikifika hapa na mizigo na ushuru na faida ya muuzaji, we piga hesabu mpira mmoja ni sahani ngapi za biriani.

Kuna jamaa tunacheza naye wote, anaanza na Pro V1 inayong'aa, tukifika shimo linalopakana na maji anaitia mfukoni, anatoa mpira mzee "wa maji". Anaupiga ule mzee kwa uoga, unazama. Anatoa mzee mwengine. Tukishamaliza shimo hilo anairudisha Pro V1. Sheria inamruhusu kubadilisha akianza shimo jipya, sawa, lakini mpira unaoutoa mfukoni pale tu ambapo hakuna hatari, bana, huo si mpira wa kiwango chako, huo ni pambo. Hicho ndo kipimo changu na ni cha bure: simama kwenye tii, pale pa kuanzia, ya shimo baya kuliko yote, kama mkono unaenda mfukoni kubadilisha, umenunua mpira wa ghali kukuzidi.

Ukipewa zawadi cheza nao usiogope. Ama muuzie yule wa handikapu ya 5.

Namba 5, usinunue: iliyopakwa rangi upya, yenye alama ya X, na ya mazoezini

Hapa nimeumwa ndo maana naandika kwa uchungu. Kuna duka moja niliingia nkakuta dazeni ya "Pro V1" kwa nusu bei, nyeupe pee, zinang'aa kuliko mpya. Hiyo ndo ingekuwa dalili. Shimo la tatu rangi ikaanza kubanduka kama rangi ya kucha, chini yake kuna nembo ya kampuni nyingine kabisa! Hii huwa ni mipira mizee, inasuguliwa, inapigwa rangi, inachapwa jina. Tatizo si sura. Vile vishimo vidogo juu ya mpira ndo mabawa yake. Zamani karne ya 19 mipira ilikuwa laini pee, wachezaji wakagundua ile mizee iliyokwaruzwa inaruka mbali kuliko mipya, na vishimo vikazaliwa kutoka hapo. Sasa wewe ukivijaza rangi umeurudisha mpira huko walikotoka babu zake.

Kwa hivo dukani gusa. Vishimo viwe na kingo kali, maandishi yasiwe na ukungu, na dazeni mpya inakuja pakiti nne za mipira mitatu mitatu, si kumi na mbili imemwagwa kwenye boksi. Ile yenye X ni iliyokataliwa kiwandani, ya kujifurahisha haina neno, ila mashindano yakiweka sharti la orodha ya mipira iliyoidhinishwa hiyo haiingii, hata iliyopakwa rangi upya haiingii. Ya mazoezini yenye mistari imetengenezwa ivumilie kipigo, wala hairuki mbali, na zaidi ya hapo ni mali ya klabu, ukiuziwa ujue imeibwa mahali.

Glavu nizitaje haraka maanake nazo zinakula hela. Ya ngozi kwa joto letu haimalizi mwezi, jasho lina chumvi, likikauka glavu inakuwa kama samaki wa ng'onda. Nunua zile za nguo zilizotengenezwa kwa ajili ya mvua, zinashika zaidi zikilowa, na sisi mvua tunayo ndani ya mikono. Mbili, ubadilishe kila mashimo tisa, na usiziache kwenye buti la gari.

Rangi ya mpira, njano. Mvua za Aprili na Mei rafu ikishanona mweupe unapotea mbele ya miguu yako, na tangu 2019 muda wa kutafuta ni dakika 3, si 5 tena. Nyekundu nzuri kwa picha, kivulini chini ya mwembe huioni.

Mie kwa sasa nanunua dazeni moja mpya ya vipande viwili, na mitumba dazeni moja ya aina hiyohiyo, mipya ya mashindano, mitumba ya Jumamosi. Yote naitia doti tatu za kijani kwa kalamu isiyofutika. Ukiuokota mmoja nyuma ya ukuta mwachie kedi yeyote, bei tutaelewana. Wa juu ya mwembe uache tu, huyo kunguru ana mayai matatu anayalalia, na la nne ni mpira wangu.