Kebo ya kurefusha maiki ya redio: nilijaribu tatu, moja ndiyo iliyobaki garini

Redio yangu ni Icom IC-706MKIIG, ile inayotoa wati 100 kwenye masafa mafupi. Garini boksi lake limekaa chini ya kiti cha abiria, uso wake wenye kioo na vitufe umebandikwa juu ya dashibodi, na maiki naichomeka nyuma ya boksi. Waya wa maiki ule wa kujikunja ukifika usawa wa gia unakuwa umevutika hadi mwisho, na ukiteleza mkononi maiki inaruka nyuma ya kiti. Nilihitaji kama mita tatu za kurefusha. Icom wanayo kebo yao, OPC-647 ya mita 2.5, ila hapa Dar es Salaam sikuipata, na kuagiza nje kitu chenye nyaya nane tu sikuona sababu. Nikaingia Kariakoo.

Ya kwanza niliyopewa ilikuwa kebo bapa ya simu yenye vichwa vya pini nane. Muuzaji akaniambia, "Kaka, kichwa ni hicho hicho, itaingia." Kweli iliingia, na hapo ndipo mtego ulipo. Nashukuru kabla ya kuichomeka redioni nilishika mita ya mafundi umeme (multimita) nikapima pini kwa pini. Pini ya 1 upande huu ilitokea pini ya 8 upande wa pili, ya 4 ikatokea ya 5, ya 6 ikatokea ya 3. Kebo nyingi za simu hufungwa hivyo, kinyumenyume, na kwa simu haina neno. Kwenye Icom hii pini ya 1 ina volti 8 zinazotoka redioni kulisha maiki, ya 4 ni kitufe cha kurushia, ya 5 ni athi ya sauti, ya 6 ndiyo sauti yenyewe, na ya 7 ni athi ya kawaida. Ukizigeuza, volti 8 unazipeleka mahali zisipotakiwa, na athi ya sauti inaangukia kwenye kitufe. Kebo ile nikairudisha dukani siku hiyo hiyo.

Mtego huu uko pia kwenye viunganishi vidogo vya kike kwa kike, vile vya kuunganishia kebo na waya wa maiki. Dukani vilikaa viwili kwenye boksi moja, rangi moja, umbo moja. Kimoja kilikuwa cha netiweki, pini ya 1 kwa 1. Kingine cha simu, 1 kwa 8. Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Nenda na mita yako, na kama huna, muombe muuzaji akupimie pale pale.

Ya pili ilikuwa kebo ya kawaida ya netiweki, Cat 5e, rahisi sana, pamoja na kiunganishi sahihi. Ilifanya kazi tangu dakika ya kwanza na nikadhani nimemaliza. Baada ya miezi michache ya joto na unyevu wa pwani ikaanza kitu ambacho kilinisumbua siku mbili nzima: nikibonyeza kitufe cha kupandisha masafa, redio inashuka. Nilishuku maiki, nikaifungua, nikasafisha vitufe, wapi. Kumbe Icom hutumia waya mmoja kwa kazi zote mbili. Kupandisha ni kuugusisha athi moja kwa moja, kushusha ni kuugusisha athi kupitia kizuizi cha omu 470. Waya ukianza kuchoka na kuongeza ukinzani wake, redio inasoma "panda" kama "shuka". Nilipokata kebo nikakuta nyaya zake ni alumini iliyopakwa shaba juu juu. Ukizikwangua kwa wembe zinang'aa nyeupe ndani. Waya wa namna hiyo haupendi kukunjwa, na garini kebo inakunjwa kila siku.

Tatizo lake la pili lilikuwa kubwa zaidi. Kuna bwana mmoja wa Muscat tunayezungumza naye Kiswahili kwenye mita 15, yaani bendi ya megahezi 21. Jioni moja akaniambia, "Ndugu yangu, leo maneno yako nayaokota mojamoja, sauti inakoroma." Nikashusha nguvu hadi wati 20, akasema sasa safi. Nikarudi 100, mkoromo ukarudi. Jibu nililipata hapo hapo: mawimbi ya antena yangu mwenyewe yalikuwa yanaingia kwenye kebo ya maiki na kurudi redioni kama sauti. Ukifikiri vizuri haishangazi. Kwenye megahezi 21 robo ya wimbi ni kama mita 3.5, urefu ambao waya hunasa mawimbi vizuri. Mita zangu tatu, ukijumlisha na waya wa maiki, nilikuwa nimetandika antena ya pili chini ya zulia la gari.

Basi ya tatu nikainunua kwa kujua ninachotaka: Cat 6 yenye foili ndani, shaba tupu, nyuzi nyingi nyembamba badala ya waya mmoja mgumu. Nikanunua na vichwa vipya, vya aina inayokubali nyuzi nyingi, maana vya waya mgumu havizing'ati vizuri. Nikakata vichwa vya kiwandani pande zote mbili.

Kwa nini nikate kebo nzima? Kwa sababu ya mpangilio wa jozi. Ufungaji wa kawaida wa netiweki unasokota pini ya 3 na 6 pamoja, na ya 4 na 5 pamoja. Maana yake sauti, iliyo pini ya 6, inasafiri mita tatu ikiwa imekumbatiana na waya usiohusiana nayo, huku athi yake ikiwa imesokotwa na kitufe cha kurushia. Msokoto unasaidia pale tu sauti inapokwenda na athi yake yenyewe. Kwa hiyo jozi ya bluu nikaipa pini ya 5 na 6. Jozi ya kijani nikaipa ya 4 na 7, yaani kitufe na athi yake. Ya chungwa ikaenda 1 na 2, ya kahawia 3 na 8. Pande zote mbili sawasawa. Kuhesabu pini, shika kichwa ulimi wake ukiwa chini, shaba juu, waya ukija upande wako. Ya 1 iko kushoto.

Foili sikuigusisha na pini ya 5. Ule uzi mtupu unaotembea nayo niliuunganisha na skrubu ya athi nyuma ya redio, ili uchafu uliokamatwa na foili uishie kwenye kasha la redio bila kupita kwenye njia ya sauti. Mwisho nikabana feraiti mbili (vipete vya kuzuia mawimbi ya redio yasipite kwenye waya) za mchanganyiko namba 31 karibu na boksi, kebo ikipita ndani ya kila moja mara mbili. Kabla ya kuchomeka nikapima pini zote nane moja moja, kisha kila pini na jirani yake, nione kama zinagusana.

Jumla haikufika shilingi 20,000. Wati 100 kwenye mita 15 sasa zinakwenda bila mkoromo, mita 40 hali kadhalika, na kitufe cha kupandisha kinapandisha.

Mpangilio huu ni wa Icom hii, yenye kichwa cha pini nane cha umbo la netiweki. Yaesu FT-8900, kwa mfano, ina pini sita tu, na kila kampuni ina utaratibu wake, kwa hiyo fungua kwanza kitabu cha redio yako, ukurasa wa soketi ya maiki.

Kasoro niliyobaki nayo ni ugumu wa kebo. Cat 6 yenye foili haipindi kirahisi chini ya zulia, na uzito wa kiunganishi ulikuwa unavuta maiki. Nimekifunga kiunganishi chini ya dashibodi kwa kamba mbili za plastiki, na waya wa kujikunja sasa unaanzia hapo, sentimita chache kutoka kwenye goti langu.