Hita ya Jikoni: Kabla ya Bei, Pima Waya

Kila Juni malalamiko ni yale yale. Mtu amekarabati jiko, kabati zimepanda hadi dari, kaunta ya graniti imezunguka pande tatu, ukuta mtupu uliobaki ni ule wa mlango. Baridi ya Nairobi ikiingia, vigae vinauma nyayo saa kumi na mbili asubuhi, ndipo anauliza hita ataiweka wapi. Juzi dada mmoja wa Lang'ata amenitumia picha ya plagi iliyoyeyuka upande mmoja. Hita yenyewe ni nzima kabisa.

Mambo ya wati na rangi sitakuchosha nayo, yameandikwa kwenye katoni. Kinachokosekana pale mara nyingi ni urefu wa waya. Hebu tupige hesabu: soketi iko kama sentimita 15 juu ya kaunta, kaunta ina kina cha 60, na kimo chake ni 90. Jumla 165. Hita nyingi zina waya wa mita moja na nusu, kwa hiyo haufiki hata sakafuni! Hapo ndipo watu hukimbilia ekstensheni ya mia tatu, nyembamba, nusu yake ikiwa imeviringishwa nyuma ya kibaniko. Hita ya wati 2000 kwa stima yetu ya volti 240 inavuta zaidi ya ampea 8. Waya wa namna hiyo utapata moto kabla ya chumba.

Chaguo langu la kwanza ni hita ya mafuta ya De'Longhi, na sioni haya kuipendelea. Ina magurudumu, unaisukuma palipo na nafasi kisha unairudisha stoo mwezi wa tisa. Haina feni ya kupeperusha unga, na ukiizima inaendelea kutoa joto. Inachelewa kupata moto, kwa hiyo iwashe kabla ya kwenda kuoga. Na ukiambiwa mafuta yake yanaisha na yanaongezwa, huyo anataka kukuuzia kitu. Yamefungiwa humo moja kwa moja. Kwa jiko la ghorofa ningechukua ya wati 1500. Ikifanya kazi saa mbili bila kujikata ni yuniti tatu, na ukivuka yuniti 100 kwa mwezi kila yuniti inakuwa ghali zaidi, kwa hiyo usiiache ikiwaka ukienda kutazama taarifa ya habari.

Ya pili ni mkeka wa umeme unaolazwa chini ya vigae. Hauli ukuta, hauna waya wa kuning'inia. Ila uamue kabla fundi hajamwaga gundi, usiupitishe chini ya kabati, na fundi wa stima auvutie laini yake. Vigae vikishalala, sahau.

Ya tatu ni ile nyembamba inayofungwa kwenye ubao wa chini ya kabati, pale vidole vya miguu vinapoingia ukisimama kwenye sinki. Uingereza ni kitu cha kawaida, hapa kwetu mara nyingi ni ya kuagiza.

Hita ndogo za feni? Zinapasha miguu, basi. Jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa usithubutu: ile hewa inayoua haina harufu.

Sasa wauzaji. Hita iliyokaa rafuni tangu Februari bila mnunuzi, Julai inapandishwa bei na kuitwa "mzigo mpya". Kila hita kwao "haili stima", eti ya wati 2000! Ukiuliza urefu wa waya unaambiwa "ni mrefu tu, madam". Kwenye duka moja pale barabara ya Luthuli, mjini Nairobi, niliomba katoni ifunguliwe, nikatoa futi kwenye mkoba. Kijana akaniangalia, akauliza kama nimekuja kununua hita ama kushonea mtu suti. Katoni hakufungua. Nilinunua kwa jirani yake, kwa sababu yeye alikuwa na moja imesimama sakafuni, waya nje.