Trekta dogo lenye kijiko: linafaa kwenye tope la Bahi?

Habari zenu jamani, karibuni. Leo tuko Bahi, Dodoma, pembeni ya majaruba ya mpunga, na hili hapa ni trekta dogo la nguvu za farasi 35, lina kijiko cha kuchimbia nyuma. Wengi mmeuliza: litachimba mtaro kwenye mbuga nyeusi, yaani huu udongo mweusi wa mfinyanzi unaonata, mvua zikiwa zimekolea?

Litachimba. Nguvu inatosha, shughuli iko kwenye kusimama. Kijiko kimeongeza uzito mwingi nyuma, na tairi za nyuma ndizo zinazoubeba. Kwa hiyo kabla hujauliza bei, angalia kashata, yale meno ya tairi. Ndefu hizi za shambani zinatema tope. Fupi zile za kiwandani hujaa udongo, tairi linabaki laini kama chapati.

Sogeza kamera hapa. Mnauona mguu huu wa pembeni? Umezama kiganja kizima, na kijiko hata hakijagusa ardhi! Weka ubao mpana, mgumu, chini ya kila mguu. Usipoweka, trekta linalala upande na mtaro unakwenda upogo.

Anzia bondeni, trekta likiangalia mlimani. Ukimaliza kipande unasogea mbele, kwenye ardhi ambayo haijachimbwa, na maji yanateremka yenyewe nyuma yako. Chota nusu kijiko tu, maana udongo huu ukijaa haudondoki. Kuna watakaosema nachelewesha kazi. Haya, waje waukwangue kwa mikono.

Ukinasa, punguza mafuta, usikanyage. Tairi zikizunguka bure zinazidi kujizika. Shusha kijiko, kisukume ardhi taratibu, trekta litajitoa. Na mkanda ufungwe muda wote, fremu ya kinga, ile ya kukulinda trekta likipinduka, ikiwa imesimama.

Nisichokipenda ni matundu ya grisi: yako chini mno, kuyafikia lazima ulale kwenye tope. Lakini usiyaruke. Kila jioni piga grisi mpaka ile chafu itoke yote, la sivyo mchanga unakula pini.

Kwa mitaro ya shamba na bwawa dogo la samaki, mimi nanunua. Lambo la kunyweshea ng'ombe wa kijiji kizima, hapana, kodini mashine kubwa. Na kama kazi yako haina haraka, subiri mwezi wa tano, mvua ikishakata na udongo ungali na unyevu. Usivuke hapo sana: mwezi wa tisa mbuga hii imekauka na kupasuka, meno ya kijiko yatakwisha.