Zoom H1n: rekoda ninayozunguka nayo kwa kina mama wa mwani

Niseme mapema, hii Zoom sio ile ya mikutano ya mtandaoni, ni kampuni ya Kijapani inayotengeneza rekoda na vifaa vya muziki. Mi ninayo H1n mwaka wa tatu sasa. Kazi yangu ni kukusanya simulizi za wanawake huku Unguja, zaidi Paje, Jambiani na Bwejuu kwa wakulima wa mwani, halafu tunatengeneza vipindi vya redio, kwa hiyo nayoandika hapa ni ya mtu anayeitumia kila wiki.

Mwanzo nlikuwa narekodi kwa simu. Mama yuko katikati ya kuhadithia alivoachwa na watoto wanne, simu inaita. Au memori imejaa. Na kuna siku nlirudi nyumbani nikakuta saa nzima ni upepo wa kusi tu, sauti ya mama haisikiki hata kidogo, na yule mama alikuwa kaacha kazi zake siku ya bamvua, maji yamekupwa vizuri, kwa ajili yangu. Iliniuma sana. Ndo nikajichanga nikanunua hii.

Ni nyepesi, unaishika kwa mkono mmoja, inatumia betri mbili ndogo za AAA ambazo duka lolote la mtaani utazipata, na kampuni inasema zinakwenda mpaka saa 10. Kwangu hili ni kubwa maana nakokwenda saa ingine hamna pa kuchaji. Maiki zake mbili zimekaa kimkingamo juu, sauti inatoka safi na ina upana, unasikia mpaka maji yanavyopiga kwenye vigingi. Kidude cha kurekebisha sauti kiko mbele kina namba, unakizungusha tu. Pia unaweza kuicheza taratibu wakati unaandika maneno kwenye karatasi, na hii imenisaidia sana kwa bibi zangu wa Jambiani maana wanaongea Kimakunduchi halisi, kasi yao mi siiwezi.

Lakini kilichonifanya niipende ni tundu la earphone. Nikimaliza kurekodi namchomekea mama asikilize mwenyewe, palepale, kabla sijaondoka. Mara ya kwanza nlivofanya hivo mama mmoja alikaa kimya mpaka mwisho halafu akaniambia, "Mwanangu, hapo nilipomtaja baba wa watoto toa, pale pa mwani pesa yangu mwenyewe acha, hapo nataka wasikie." Nikatoa. Tangu siku ile sijawahi kuondoka bila mwenyewe kusikiliza. Hawa kina mama wamepigwa picha na watu wa kila nchi, wameinama majini, mgongo umegeuzwa, hamna jina hamna neno, na wao ndo wanaojua kwamba cottonii, aina ya mwani wanayolima, inakufa kwa sababu maji yamekuwa moto, kwamba inabidi waende maji ya kina zaidi na wengi hawajui kuogelea. Mtu mwenye habari kama hizo hafai kuwa pambo la picha.

Bibi mwingine aliniuliza sauti yake itakaa wapi. Nikamwambia habari za Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyezaliwa kwenye umaskini, akauza vyungu, mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri na akaimba mpaka habari za wanawake waliodhulumiwa. Karibu miaka mia na bado tunamsikia. TAMWA, chama cha wanawake waandishi wa habari Tanzania kilichoanza 1987, jarida lao waliliita Sauti ya Siti, wala sioni jina lingelifaa zaidi.

Sasa mipaka yake. Mwili ni plastiki, na ukiishika mkononi kila unaposogeza kidole inasikika, kwa hiyo nunua kistendi kidogo uiweke juu ya kigoda au jamvi. Pwani usitoke bila kofia ya manyoya ya kuzuia upepo, ile ya sponji peke yake haitoshi kusi ikivuma. Haina tundu za maiki kubwa za studio. Kadi ya kuhifadhia sauti mwisho GB 32, na kwenye kadi kuweni makini, mi niliuziwa feki duka moja mjini ikanifutia mahojiano mawili, sasa nikinunua naijaza kwanza ndo nnaiamini.

Na kwa mama kiziwi rekoda haina kazi, hilo lazima lisemwe. Hapo narekodi video kwa simu, namlipa mkalimani wa lugha ya alama, na video naiandikia maneno chini. Nliposhindwa kumlipa mkalimani nliahirisha, sikumhoji kupitia dada yake, kwa sababu dada angesema ya dada.

Kwa dada anayetaka kuanza kazi hii, wasichana wengi wananiuliza waanze na kamera gani, mi jibu langu ni hili: anza na sauti. Mama anayeogopa kuonekana usoni atakuhadithia kama anajua hamna picha, na jina unaweza kulibadilisha. Omba ruhusa kabla hujabonyeza kile kitufe chekundu, uiombe tena ikiwa inarekodi ili ibaki kwenye sauti. Na earphone beba mbili, moja yako moja ya mama, ya mama iwe safi.